Sayari Yangu ya Siku Ishirini na Tisa na Nusu

Jumanne, 5 Machi

Mhadhara kwenye maktaba ya mtaa. Watu arobaini, viti vya plastiki, feni moja mbovu. Nikaieleza sayari yangu niliyoigundua kama kawaida: nyota inafifia kidogo kila baada ya siku ishirini na tisa na nusu, maana yake kuna kitu kinapita mbele yake. Makofi. Kisha mama mmoja mkunga akanyoosha mkono. Kazi yake ni kuhesabu miezi, akasema. Siku hizo si ni za mwezi huu huu wetu wa juu? Watu wakacheka. Nami nikacheka! Nikamjibu kitaalamu, akakaa. Nimerudi nyumbani, chakula hakipiti.

Jumatano, 6 Machi

Nimepitia data zote, tangu asubuhi. Mbalamwezi ikikolea, programu inaondoa mwanga wa anga kupita kiasi, inakula na wa nyota. Nyota inaonekana imefifia. Basi! Hakuna sayari.

Kwenye fomu ya ukaguzi, mstari wa "mwanga wa mwezi", kuna alama ya vema. Mkono wangu. Sikukagua. Wiki ile ya kutangaza ugunduzi, redio walikuwa wananisubiri, nikajiambia nitakagua baadaye. Mjinga mkubwa mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Mkuu wa idara. Akafunga mlango. Akasema Jumamosi nihutubie umma kuhusu sayari kama ilivyopangwa, marekebisho tutayatoa kimyakimya kwenye jarida, nani atasoma? Funika kombe mwanaharamu apite, akasema, na kucheka.

Nikapitia hospitali. Baba amekwisha, mifupa mitupu. Akamwambia nesi kwa mara ya ishirini: huyu ndiye aliyeona dunia nyingine. Nesi akaomba tupige picha. Nikapiga, meno nje! Daktari akaniita pembeni – siku zake si nyingi. Nilirudi kitandani kwa baba nimwambie ukweli. Akanishika mkono, akasema sasa hata akienda, anakwenda roho kwatu. Nikamrekebishia shuka, nikaondoka.

Ijumaa, 8 Machi

Dada anasema nikae kimya. Mzee hana wiki, ukweli una haraka gani? Nikamwambia watoto wa shule wameshaichora sayari hiyo kwenye madaftari. Basi muue, akasema, akakata simu.

Sijamjibu Mkuu.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tisa kasorobo, nyuma ya pazia. Ukumbi umejaa mpaka ngazini. Nimeandika karatasi moja tu, ya kukiri. Naogopa.

Baba kaletwa kwa kiti cha magurudumu, koti linampwaya. Nilidhani asingeweza! Na sasa Mkuu kampa kipaza sauti, eti aseme mawili matatu kabla yangu – hakuniuliza. Sauti ya baba haifiki mbali, watu wamenyamaza kabisa wamsikie. Anasema alinilea peke yake. Anasema tangu nizaliwe sijamdanganya hata mara moja. Anasema nikija hapo mbele, waniamini kila neno.

Wamesimama wanapiga makofi. Baba ananiita kwa jina langu la utotoni. Karatasi ninayo mkononi, na yeye amegeuza kiti anatazama huku –