Pepeta Niliyokatazwa Kubeba

Mama mkwe wangu mpenzi,

Nimekaidi watu wawili katika safari moja. Wa kwanza ni meneja aliyeniajiri, wa pili ni wewe. Meneja nimekwishamwambia uso kwa uso. Wewe nakuandikia, kwa kuwa nyumba uliyomo sasa, kule Mbwera, haina mlango wa kupiga hodi. Ukikasirika, kasirika. Nakujua, hasira zako hazikuwahi kudumu kuliko chai kuchemka.

Kuna kampuni moja ya Dar imeanzisha matembezi ya siku sita kwa miguu. Watu wanaanzia hapa Kibiti, wanapita vijijini, wanateremka mpaka kwenye delta na kumalizia kwenu Mbwera. Ndiyo, mama, siku hizi watu wa mjini wanaacha magari yao nyumbani, wanavaa viatu vizito na kutembea kwa kupenda wenyewe. Ungecheka ukashika mbavu. Wenye kampuni wakaja kwenye mgahawa ninaopikia hapa barabarani, wakala, wakaniuliza kama naweza kushughulikia chakula cha safari ya watu kumi na wawili. Nikasema naweza.

Meneja wao akaniletea maboksi matatu ya vyakula vya pakiti kutoka nje. Wali na kuku, tambi na nyama, vyote vimekaushwa mpaka vikawa vyepesi kama pamba. Unatia maji yanayochemka, unafunga mdomo wa pakiti, unasubiri kidogo, unakula humohumo. Nilionja. Sitasema uongo, ni kitamu, ila chumvi imezidi.

"Na maji ya kuchemsha tutayapata wapi, bosi?" nikamuuliza.

"Mwajuma, unaniuliza maji? Delta nzima si maji?"

"Yale ni ya chumvi."

Akacheka, akidhani namtania. Nikamwambia kuna chakula chetu kisichohitaji jiko wala sufuria, nikamwonyesha pepeta. Akachukua kidogo kwenye kiganja, akaitazama, akairudisha.

"Hawa ni wateja. Siwezi kuwalisha chakula cha masikini. Hii ibaki nyumbani."

Chakula cha masikini! Nilisimama pale na ungo mkononi, nikakukumbuka wewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mpunga ukiwa haujakauka shambani, uliniita tukakate masuke ya kwanza, yenye punje laini bado. Tukayapura, ukazikaanga punje kwenye chungu, ukazimimina kinuni zikiwa za moto, ukanipa mchi. Nikatwanga kwa woga, kama mgeni anayegonga mlango wa watu. Ukaniambia, "Huombi ruhusa hapo. Twanga!" Basi tukapokezana, wa kwako ukipanda wa kwangu unashuka, mpaka punje zikalala bapa kama magamba ya samaki, zikawa pepeta. Ukapeta, ukanilisha konzi ya kwanza kwa mkono wako mwenyewe. Mikate yote niliyokula mjini haijawahi kunukia vile.

Nikaikumbuka na safari ya Dimani, tulipokwenda kwenye harusi ya binti wa mdogo wako. Mvua ilikuwa imekata barabara na magari hayapiti. Wanaume wa nyumbani wakasema tusubiri. Ukawajibu, "Harusi haitatusubiri sisi," ukafunga mzigo. Tukavuka kwa mtumbwi, tukashika njia, siku mbili kwa miguu. Kwenye kanga kuukuu ulikuwa umefunga pepeta, karanga za kukaanga, na nazi uliyoikuna na kuikaanga mpaka ikawa rangi ya kahawia, kwa sababu nazi mbichi huchacha kabla ya siku ya pili. Kila tulipopumzika ulinipa konzi kabla sijasema lolote. "Ukingoja njaa ikuite, umechelewa," ulisema. "Miguu hula kabla ya tumbo."

Na ng'onda je? Ulibeba wawili, wale samaki uliowapasua mwenyewe, ukawatia chumvi na kuwaanika. Ulisema safari bila ng'onda si safari, ni adhabu. Nikawala kwa uroho, na jua lilipopanda nikamaliza maji yote, yangu na yako. Hukunigombeza. Ulitembea midomo imekauka mpaka kisima cha kijiji kilichofuata, huku ukinisimulia vituko vya wifi zako ili nisione haya. Lakini mimi niliiona midomo yako, mama. Sijaisahau.

Ndiyo maana mara hii sikubeba ng'onda. Hata mkia. Hapo ndipo nilipokukaidi wewe, na ningekukaidi tena kesho.

Meneja nilimkaidi kwa sababu nyingine. Mwanao aliponiacha nikahamia huku Kibiti, watu walisema mimi si wa kwenu tena. Wewe ukapanda boti na kinu chako kikubwa, ukakifunga nyuma ya pikipiki, ukanitokea mlangoni umelowa jasho. "Talaka kaandika yeye," ulisema. "Mimi sijaandika kitu." Ukakishusha kinu, ukaomba maji ya kunywa. Sasa mtu akija kuniambia kinachotoka kwenye kinu kile ni aibu, anataka nimjibu nini?

Ila sikukaidi kwa upofu. Nilibeba mchanganyiko wangu wa pepeta, karanga na nazi mpaka kwa afisa lishe, mwanamke mmoja mwenye miwani na maneno machache. Akauonja, akaniambia wanga upo wa kutosha, lakini mtu anayetembea kutwa anahitaji na mafuta na kitu cha kujenga mwili, na chumvi kidogo kwa ajili ya jasho. Niongeze korosho na ufuta. Kisha akapasua karanga moja kwa ukucha.

"Hizi zina ukungu," akasema. "Ukungu huu ni sumu, na sumu yake haiondoki kwa kukaanga. Tupa."

Nikabisha. Nilizinunua kwa mtu ninayemwamini, na kwa macho yangu zilikuwa nzuri. Akanipasulia nyingine, na nyingine. Nikazitupa zote, mama, na moyo ukauma. Nikatafuta karanga nyingine, nikazichagua moja moja kwa siku nzima.

Pakiti za meneja nikazipangia siku za mwanzo, tutakapopita vijiji vyenye maji baridi yasiyo na chumvi na kuni kavu. Zilifaa hapo, na wali wa moto jioni huwapa watu moyo. Delta nikaipangia pepeta. Nikaitia kwenye vifuko vya kitambaa, kimoja kwa kila mtu kwa nusu siku, nikavizamisha chini kabisa ya begi langu. Vilivyozidi akabeba Selemani, kijana wa Mbwera aliyekuwa akituongoza njia. Meneja naye akaja, anataka kujionea safari yake ya kwanza.

Siku ya pili tu, dada mmoja aitwaye Neema alianza kupepesuka. Ni mhasibu, mtu wa kukaa ofisini. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai kavu tu.

"Mimi sili wanga, dada," akaniambia nilipompa kifuko. "Napunguza mwili."

"Mwili utaupunguza ukifika kwako. Hapa unatembea."

"Kweli tena, nimeacha."

"Basi kaa hapo, nasi tunakaa. Hatukuachi, wala hatuendi mpaka ule."

Watu wote wakaketi chini, viatu vyao vikimtazama. Akala konzi moja kwa hasira, ya pili kimya, ya tatu akaomba mwenyewe. Meneja alikuwa mbele akipiga picha, hakuona.

Siku ya nne ndipo delta ilipomjibu yule meneja. Tulifika asubuhi kwenye mkono wa mto ambapo boti ilipaswa kutuvusha, tukakuta maji yamekupwa. Boti tuliiona ng'ambo imekaa juu ya tope, nahodha amejilaza ndani yake. Akatupigia kelele kuwa haiwezi kutoka mpaka maji yajae. Maana yake ni mpaka alasiri. Nyuma yetu mikoko, mbele tope, kuni zote zimelowa mvua ya jana. Maji baridi yalibaki madumu mawili.

"Chemsheni maji," meneja akaagiza. "Kila mtu achukue pakiti yake."

Selemani akakalia dumu.

"Haya ni ya kunywa, bosi. Atakayeyatia kwenye sufuria, tutagombana."

"Watu wana njaa!"

"Njaa wataivumilia. Kiu kwenye jua hili hawaivumilii."

Wakatazamana. Mmoja wa wateja alijaribu kutafuna tambi zile kavu, akatema. Hapo nikafungua begi langu. Nilitoa vifuko kimoja kimoja, nikivigawa bila haraka. Sikuwa namwogopa meneja. Niliogopa kwamba labda yeye ana haki, labda wataonja na kunionea huruma. Ukimtukania mtu chakula chake mara nyingi, naye huanza kukitilia shaka.

Neema akafungua cha kwake kwanza. "Msile kwa pupa," akawaambia wenzake kama mwenyeji. "Tafuneni polepole, kisha mnywe funda moja."

Wakala. Walitafuna mpaka vifuko vikaisha, na kwa mpishi hayo ndiyo majibu. Wengine wakajinyoosha, wengine wakaanza kutaniana. Meneja alikaa pembeni muda mrefu, akiupa mgongo mfuko wangu. Nikampelekea mmoja. Akasema hana njaa. Nikauweka karibu na mguu wake nikaondoka. Nilipogeuka ulikuwa mtupu, na baadaye kidogo akaja kuniuliza kama kuna mwingine. Nikampa. 

Maji yalijaa, tukavuka, tukafika Mbwera siku ya sita, watu wote kumi na wawili kwa miguu yao wenyewe. Nilikuja kukuzuru. Nilikuombea dua, nikakaa kidogo.

Tuliporudi Kibiti, meneja akaniita. Nilidhani ananishukuru. Akanisogezea karatasi: nikubali kuwa safari zijazo nitafuata orodha ya kampuni, bila kuongeza wala kupunguza chochote.

"Ulikula vifuko viwili," nikamwambia.

"Hilo halihusiani. Ulivunja amri. Weka sahihi."

"Siweki."

"Basi kazi hakuna."

"Basi hakuna."

Nikarudi jikoni kwangu, nikaosha sufuria kwa nguvu mpaka majirani wakauliza kulikoni. Sitakuficha, nililia. Lakini nililia nikiwa nimekataa, na hayo si machozi ya aliyekubali.

Haikupita muda Neema akanipigia simu. Kikundi chao cha watembeaji cha Dar kinajiandaa kwa safari ya siku nane milimani, na amewaambia hataenda bila chakula changu. Wanauliza hali ya hewa ya baridi inataka nini. Nimerudi kwa afisa lishe, tunasumbuana tena. Yeye anataka mafuta zaidi, mimi nataka tangawizi. Nimewaambia pia Neema na wenzake wabebe pakiti chache za supu ya moto, kwa sababu huko maji yapo, na chakula hakina uadui na mtu.

Juzi meneja naye akapiga simu, kwa sauti laini kabisa. Anataka nimpe vipimo tu, atengeneze pepeta mwenyewe na kuipachika jina la kampuni yake. Nikamwambia vipimo vyangu havimo kwenye karatasi. Akitaka kujua, aje Kibiti alfajiri, avue saa, akae jikoni kwangu msimu mzima, achague karanga na apete mpaka mgongo umwambie imetosha. Jina litakalokaa kwenye mfuko nitalichagua mimi. Akakata simu.

Mola akupe kauli thabiti huko uliko, mama. Ya kwangu huku haijatetereka.

Ni mimi, mkweo,
Mwajuma