Kiti Chako cha Ghalani

Kaka Laurenti,

Tangu tukuzike, Muleba nzima hakuna kahawa inayokauka bila kuniuliza mimi. Hata jua la hapa kijijini Ngenge hupita kwangu kwanza kuchukua maagizo. Sijisifu, unanijua.

Ndiyo maana chama cha ushirika kilipotangaza kazi yako, ile ya kukagua kahawa ghalani, nilijua wanatimiza utaratibu tu. Si nilikuahidi pale kitandani kwamba kiti chako hatakikalia mgeni? Ukanibana mkono, ukasema, "Basi usinitie aibu."

Kaka, wameniita Bukoba mara tatu. Mara ya kwanza walitaka cheti cha darasa la saba. Nikawaambia kililiwa na mchwa, na mchwa wenyewe wakaelimika. Hawakucheka. Mara ya pili nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, koti lako likinibana makwapa, mpaka mlinzi akaniambia mkubwa yuko semina. Mara ya tatu nikaingizwa. Watu watatu, meza ndefu, sahani ya kahawa katikati.

Wapwa zetu nimewasimulia hivi: nilitafuna punje moja tu, nikawatajia shamba ilikotoka kule Kaagya, na mama aliyeianika, na kwamba siku hiyo alikuwa amegombana na mumewe. Wakasema, "Mjomba, hao walikuogopa." Nikasema ndivyo.

Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe kwenye simu. Sikufanikiwa, wananitakia kila la heri. Heri gani, Kaka? Kiti chako amekikalia bwana mmoja mwenye kimashine cha kupimia unyevu. Kazi uliyoifanya kwa meno yako miaka yote ile, leo inafanywa na betri.

Sisamehi. Padri amenisihi, nimemwambia asubiri kwanza. Jogoo wangu mwekundu nimempa cheo cha Mwenyekiti wa Usaili, na Krismasi anaingia chunguni. Kila Jumapili nikitoka kanisani nawaambia watu wasipeleke hata gunia moja pale. Kahawa ya chama itaota ukungu, watakuja Ngenge kunipigia magoti. Nitawarudisha mara mbili. Mara ya tatu nitawakalisha kwenye benchi, nivae koti lako, niwaambie hawakufanikiwa.

Pumzika, Kaka. Kaburi nimelipalilia, migomba yako nimeitandazia nyasi, na nakuahidi haitakosa mtu maadamu niko hai.

Ila wewe sikudanganyi, maana huko uliko lazima uliona. Ile sahani ndiyo iliyokuwa mtihani. Mimi nilidhani wananikaribisha. Mama alitulea kwamba mgeni haachi kahawa ya mwenyeji, ile ya kuchemshwa na kutafunwa, basi nikatafuna. Ilikuwa ngumu, chungu, haijachemshwa hata kidogo. Nikameza kwa adabu, moja baada ya nyingine, wao wakipekua karatasi. Yule mama wa katikati alipoinua macho aniombe niikague sampuli, sahani ilikuwa tupu, nami nilikuwa natoa shukrani za makaribisho.

Mdogo wako,
Deogratias