Picha ya Ubongo wa Ouma

Dada Atieno,

Homa Bay kuna joto, na leo samaki wangu wa ngege nimemwacha sahanini kwa wivu. Mimi na karani mwenzangu Ouma tulijitolea kupigwa picha za ubongo ndani ya mashine ya MRI. Watafiti wanapima ukubwa wa vyumba vya maji ndani ya ubongo wa mtu mwenye afya. Ouma alilala humo hadi akakoroma, na picha yake ikasifiwa mbele yetu sote. Mimi niliogopa, nikabonyeza kengele, nikatolewa.

"Okello, hiyo mashine haili watu!" Ouma akanicheka.

Nikaomba kurudi. Nililia kimya, lakini kichwa hakikusogea. Mpimaji akasema vyumba vyetu ni vya kawaida, vyangu na vya Ouma sawasawa.

Mwambie Mama mwanawe ni mzima. Ouma usimtaje.

Mdogo wako akupendaye,
Okello