Ukurasa Ulio Chini ya Kofia

Chumba cha nyuma, nyumbani
Ijumaa, tarehe 14, saa tisa alasiri

Mpendwa Shangazi,

Yale maandishi ya Babu ambayo Baba alikusomea kwenye simu mpaka ukalia, hayakuwa ya Babu. Niliyaandika mimi. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama.

Samahani, nimeanza vibaya, hata sijakusalimu. Shikamoo Shangazi. Hujambo huko kwenye baridi? Goti linaendeleaje, na wodini wamekupunguzia zamu kama walivyoahidi? Sisi ni wazima, isipokuwa macho ya Mama. Ukungu wa jicho la kulia umefika na la kushoto. Siku hizi anatutambua kwa sauti ya miguu, anajua nani anapita kabla hajasema neno. Daktari amempa siku ya upasuaji, Jumanne ijayo. Pesa ulizotuma na alizoweka Baba zimo kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Likumbuke hilo kopo, nitalirudia.

Nakuandikia kwa lugha ya nyumbani makusudi. Shuleni insha tunaandika kwa ile nyingine, na katika hiyo nadanganya vizuri sana, hata alama za juu napewa. Kwa hii sijui kudanganya. Labda ndiyo maana niliazima mwandiko wa mtu.

Unakikumbuka kibanda cha mbao uwanjani, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Babu alikaa mle miaka arobaini akiandika alama za kriketi. Miaka miwili ya mwisho mikono ilimtetemeka, kwa hiyo yeye alitazama mchezo na kutaja, mimi nikaandika. Alitaka daftari lionekane la mkono mmoja, basi nikajifunza wake, saba yenye kistari tumboni, nne iliyo wazi juu kama kiti. Waamuzi hawakugundua. Aliniita Bi Kimya, jina alilolitumia yeye peke yake, kwa kuwa naweza kukaa mchana kutwa bila kutoa neno.

Na unajua alikuwa anabeti. Nadhani ninyi wanawe mlimwonea aibu. Lakini Shangazi, sijaona mtu mwingine akibeti vile. Mchezo mmoja kwa wiki, bei ya mkate, basi. Kwanza aliandika sababu yake kwa mstari mmoja. Isipoenea kwenye mstari, alisema, huna sababu, una hamu tu. Kisha karatasi inakaa chini ya kofia yake siku nzima. Kesho yake anainua kofia na kujishika kifua. Moyo ukienda mbio, anaichana. Ukitulia, anabeti. Akishinda haongezi, akishindwa hafukuzi kilichopotea. Mwisho wa mwaka alinionyesha jumla: alikuwa amepoteza, si nyingi, akasema hiyo ni bei ya tiketi. Na mchezo anaouandika alama mwenyewe hakuugusa kamwe. "Anayeandika alama habeti." Alikuwa mtu wa utani lakini hapo hakutania.

Baba alirithi kofia, daftari na hamu. Utaratibu haukuingia kwenye mirathi. Mwezi wa pili baada ya msiba nilimpelekea chakula karakana, nikamkuta kichwa kimezama ndani ya friji la mteja. Nikadhani anatafuta gesi inakovujia. Kumbe ameficha mwanga wa simu, anabeti kriketi mpira kwa mpira, kila mrusho na pesa yake. Aliponiona alisema, "Hili friji bovu kweli," na midomo ilikuwa imemkauka.

Ningemwambia nini? Mimi dukani wakinikosea chenji narudi nyumbani hivyohivyo. Basi nikachukua daftari la Babu, nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika kwa mkono wake: "Mwanangu, mchezo mmoja kwa wiki. Bei ya mkate. Usifukuze kilichopotea." Nikaliweka kwenye kiti cha Babu, nikalifunika kwa kofia.

Hayo ndiyo aliyokusomea. Aliamini mzee alimwachia maneno kabla ya kuondoka. Tena akajiwekea masharti, kila Ijumaa afungue ukurasa mmoja tu na asichungulie wa mbele, kwa sababu hakutaka kummaliza baba yake mara moja. Kwa hiyo kila Alhamisi nikaandika mwingine. Wiki saba Baba alikuwa mtu. Sababu mstari mmoja, siku nzima chini ya kofia, bei ya mkate. Mara mbili alichana mwenyewe. Alianza hata kupiga mluzi akinyoa ndevu.

Sasa kosa langu. Wiki moja alirudi amenyong'onyea, mteja kamdhulumu, nikataka kumfurahisha. Nikasikiliza redio kidogo, kisha nikaandika jina la timu: "Wenye kofia za kijani. Uwanja umelowa, mrushaji wao wa mkono wa kushoto atawamaliza." Wakashinda. Wiki iliyofuata nikabahatisha tena, ikawa. Ya tatu nayo. Sikuwa na elimu yoyote, Shangazi, ilikuwa bahati tupu, na Babu angeniambia mara tatu si kitu. Lakini Baba hasomi tena masharti. Macho yake yanaruka mistari yote yakitafuta jina la timu.

Na tangu wiki ile ya kwanza niliyotaja timu nyumba haijakaa sawa. Mama alikuwa anachambua mchele, akavuta miguu yake kando, akasema, "Mpishe Babu yako." Hakukuwa na mtu ukumbini. Yeye mwenyewe akashtuka, akaendelea na mchele. Siku nyingine niliinua kofia nikakuta utepe wa ndani umelowa jasho, kama imevuliwa sasa hivi. Nikaikausha kwa gauni langu, nikajiambia bati la juu linavuja. Mvua haikuwa imenyesha.

Jumapili Mjomba Wembe alikuja kumnyoa Baba uani. Wewe hukumkuta, ni kaka yake Mama, kinyozi, mdomo wake una makali kuliko vifaa vyake. Baba akamwambia habari ya daftari. Mimi nilikuwa naanika nguo.

"Shemeji," akasema Mjomba, "mzee anakuona kutoka huko aliko, wewe unaweka bei ya mkate? Unamtukana!"

"Ndiyo masharti yake."

"Masharti ya alipokuwa hai! Hai alikuwa hajui mshindi. Sasa anajua. Kichwa hiki nakinyoa kila wiki sijawahi kukuta kitu ndani, nitie moyo leo."

Wakacheka. Kisha, wembe ukipita kisogoni, Baba akauliza kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Kopo lote?"

Mjomba alikunja wembe. Alimpangusa shingo, akampiga begani.

Jana ilikuwa Alhamisi, siku yangu ya kuandika. Sikuandika. Nilifikiri akikuta ukurasa mtupu ataacha. Lakini jana hiyohiyo jioni Baba alishusha kopo. Akaandika kikaratasi chake, kiasi chote cha macho ya Mama, mahali pa timu akaacha wazi ajaze mzee, akakiweka na daftari chini ya kofia. Mchezo ni kesho asubuhi. Leo akirudi kutoka karakana saa kumi atainua kofia.

Leo nilipotoka shule sikuvua hata sare. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti, nia yangu niandike "Hapana" kubwa kwa mkono wa Babu, niondoke. Niliinua kofia. Utepe ulikuwa umelowa. Nikafungua ukurasa wa wiki hii.

Ulikuwa umeshaandikwa.

Shangazi, unaikumbuka penseli yake ya zambarau, ile aliyokuwa akiilamba kwanza, ulimi unabaki na doa? Kipande cha mwisho kiliisha kabla yake. Nilikitupa mimi, kilikuwa kifupi kuliko ukucha. Mimi kurasa zangu zote nimetumia penseli nyeusi ya shule, na Baba hakuwahi kuuliza. Ukurasa huu ni wa zambarau. Niliugusa, kidole kikapata rangi. Imeandikwa hivi, na mstari ni mmoja:

"Anayeandika alama habeti. Bi Kimya, sasa useme."

Nimekaa nao hapa mezani tangu saa nane na nusu. Nimewaza kila mtu. Mama haoni mstari. Baba hajui jina hilo, Babu aliniita hivyo kibandani tu. Nimepima mwandiko kwa rula kama mjinga. Herufi zinatetemeka, na mimi nilipomwiga sikuweza kamwe kuiga kutetemeka. Nimeogopa mpaka hofu ikachoka. Kilichobaki ni aibu, kwa sababu ukurasa unasema kweli. Nilijidanganya kwamba naandika tu. Kumbe kila nilipomtajia timu nilikuwa nabeti, tena kwa mfuko wa Baba na macho ya Mama, bila sababu ya kuenea mstari mmoja.

Ningeweza kuuchana. Ningeweza kuandika wangu, "Hapana", na Baba angetii, na kopo lingerudi juu ya kabati. Nimeshika penseli mara mbili. Lakini wiki ijayo je? Atanisubiri tena kwenye daftari, nami nitakuwa nimekuwa Babu mpaka lini?

Unazo barua zake za zamani. Nitakutumia ukurasa huu, uuweke kando ya barua zile uniambie. Kama ni mwandiko wake, niambie. Kama si wake, niambie vilevile.

Nisalimie binamu zangu wote wawili, yule mkubwa aliyeanza kazi ya umeme na yule kitinda mimba anayeogopa lifti. Msalimie Mjomba, mume wako, mwambie Baba bado anadai ile bisibisi yake. Mama anakusalimu sana, amesema akifunguliwa macho mtu wa kwanza kumtazama atakuwa wewe, kwenye picha. Mungu akulinde kazini na njiani, akulainishie goti, akurudishe kwetu salama.

Lango la uani limelia. Saa kumi kasoro dakika tano.

Barua kama hii kwa kawaida ingekuwa tayari chini ya godoro. Nasikia hatua ukumbini. Za Baba nazijua, kandambili ya kushoto anaiburuta kwa sababu ya mkoba wa vifaa. Zinakuja polepole. Daftari liko wazi mbele yangu, kikaratasi chake kiko juu yake, barua iko hapa, na mikono yangu nimeiweka mezani mahali anapoweza kuiona. Nimeshachagua neno la kwanza. Ni "Baba, ni mimi."

Mama ameita kutoka chumbani kwake: "Baba yako amekuja na nani?"

Sifichi ukurasa. Mlango unafunguka.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na ambaye leo anasema,
Bi Kimya