Pasi ya Bwana Ofisa

Embu, 9 Agosti 1955

Kaka Suleiman,

Shangazi Rahema atakukabidhi hii mkononi, maana za posta zinasomwa. Mbuzi wetu amezaa pacha.

Ofisa ninayemfulia kambini alinunua pasi ya umeme. Nikasoma kibandiko: volti 240, ampea nne. Nikazidisha ulivyonifundisha, nikamwambia itakula wati 960, na jenereta lake mwisho ni 700.

"Mwanamke anifundishe hesabu?" Akachomeka, nikaanza kunyoosha suruali yake. Pu! Redio kimya, suruali imenyooka mguu mmoja, na mkubwa wake kashafika mlangoni.

"Nani anajua kutengeneza?" mkubwa akauliza.

"Mume wangu Mbarak tu, mliyemfunga kwa kuuza betri mkidai ni za watu wa msituni."

Wakamtoa, na kila usiku analala kwetu. Kilichoungua ni fyuzi, ningeibadilisha mwenyewe kwa dakika moja. Mbarak analitengeneza jenereta wiki ya tatu sasa.

Dadako,
Mwanabibi