Wanakaanga Hewa

Jumatatu, 3 Machi

"Injini zetu sasa zinakula mabaki ya jikoni, wala hazichafui pumzi ya mtu yeyote." Mkurugenzi wa shirika la ndege, gazetini, ukurasa mzima, kakumbatia pipa la mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Wala hazichafui! Basi asimame nyuma ya injini ikiwaka, avute hewa. Moshi bado unatoka. Faida ni kwamba kaboni yake mimea ilishaivuta hewani ilipokuwa ikikua, na mafuta yenyewe yalishakaangia chakula cha mtu. Jambo zuri, nalitetea mwaka wa kumi huu. Ndiyo maana nakereka likisemwa kijinga. Nimempa jina: Bwana Pumzi. Mhariri anataka makala Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu kapita jioni. Ni mpishi katika jiko la shirika hilohilo, wanapopika chakula cha abiria. Nikamsomea tangazo nikijua atacheka. Hakucheka. Akauliza kama najua yale mapipa yanajazwaje. Abiria siku hizi wanapewa vya kuchemsha na kuoka, kukaanga hakuna. Lakini jiko limepangiwa mapipa manne ya mafuta yaliyotumika kila wiki. Kwa hiyo asubuhi wanafungua madumu ya mawese, mapya kabisa, wanamimina, wanawasha moto, wanasubiri yawe meusi.

"Sasa mnakaanga nini?"

"Hewa, dada. Msimamizi kasema yananukia mapya mno, kwa hiyo siku hizi tunatumbukiza na mkate wa jana."

Nimecheka mpaka machozi. Msitu ufyekwe, michikichi ipandwe, gesi iteketee kuunguza mawese — ili ndege iwe safi. Akili kubwa hiyo!

Alhamisi, 6 Machi

Kurasa tatu kwa mkupuo mmoja. Kali. Nikampigia mdogo wangu nimsomee. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanikumbusha kwamba jiko lina wapishi watatu, na wale wawili hawana dada anayegombana na watu magazetini.

"Ukiandika ya jikoni, umeandika jina langu."

Nimetoa jiko. Nimetoa mkate. Nimetoa madumu. Kilichobaki kinafaa kusomwa harusini.

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri kaisoma. Eti imetulia, eti nimekomaa. Sijawahi kutukanwa hivyo. Nimeomba muda mpaka saa kumi.

Saa tisa kasoro, simu. Mdogo wangu, ananong'ona. Wapishi wanaitwa mmoja mmoja kutia saini karatasi: mafuta yote yalikaangiwa chakula. Wenzake wameshatia. Yeye kaomba kwenda chooni, na ndiko alikokuwa. Afanye nini?

Mimi, bingwa wa kuwafundisha mawaziri kazi yao! Nikasema usitie. Halafu nikasema tia.

"Dada, chagua moja. Wanagonga mlango."

Simu ikakatika.

Saa tisa na nusu. Hapokei. Makala ya kwanza iko mbele yangu, na mkate wake ndani. Nimeiongezea mwisho huu hapa chini. Sijaituma.

Wakurugenzi, mwacheni mpishi, wekeni chini kalamu yenu. Jumatatu asubuhi shukeni jikoni wenyewe, mbele ya waandishi, kabla moto haujazimwa. Ingizeni mwiko kwenye sufuria. Tuonyesheni kilichomo.