Kinu Kipya cha Mama Asha

Mjomba Yakobo,

Ni mimi, Riziki. Ungekuwepo ungecheka kuona nakuandikia maneno mengi hivi, mimi niliyekuwa nakujibu kwa kutikisa kichwa. Lakini nina habari, na hapa mjini Baraka sioni mtu mwingine wa kuielewa bila mimi kumweleza kwanza kiberiti cha unga, ile salfa, kinaingiaje kwenye mafuta.

Shule nimeimaliza. Cheti nilikipata wewe ukiwa umeshazikwa, na Mama alikiweka kwenye sanduku pamoja na shati lako la Jumapili. Halafu Bwana wa laboratwari, pale hospitalini ulikokuwa unapima, akatuma mtu nyumbani. Mtu huyo akatuambia Bwana amesema, "Yule mutoto aliyekuwa anamusaidia Yakobo aendelee kuosha vichupa mpaka nipate muntu." Muntu hajapatikana. Sasa siyo kuosha tu, Mjomba. Ninapima. Koti lako jeupe nalivaa nikiwa nimekunja mikono yake, na bado lina lile doa la asidi karibu na mfuko.

Kipimo cha pamba nakifanya vilevile ulivyonionyesha. Mafuta kidogo kwenye kichupa, kisha ile dawa yenye kiberiti inayonuka kama kabichi iliyooza, mbali kabisa na moto. Baadaye vichupa vinakaa ndani ya maji ya chumvi yanayochemka, kwa sababu maji ya chumvi yanakuwa na moto zaidi kuliko maji matupu. Mafuta ya karanga yanabaki na umanjano wake. Yakiwa na mafuta ya mbegu za pamba, yanageuka mekundu. Nakumbuka Baba Mulasi wa jirani alipochungulia dirishani akakuuliza, "Yakobo, leo unapika chupa?" Nawe ukamjibu, "Ndiyo, lakini haziivi." Nilicheka nikiwa nimejificha nyuma ya mlango.

Sasa sikiliza habari yenyewe.

Tangu kiwanda kianze kukamua mbegu za pamba, wachuuzi wengine wanachanganya mafuta hayo na ya karanga, kisha wanauza yote kama karanga tupu. Kwa hiyo mafuta yanayopelekwa jikoni mwa hospitali lazima yapite kwetu. Mama Asha wa Swima, yule mwenye sauti inayofika ng'ambo, alileta ya kwake. Unajua hospitali imekuwa ikinunua kwake miaka yote, na watu wanamwamini kwa sababu hiyo.

Mafuta yake yaligeuka mekundu.

Nilirudia. Yakawa mekundu tena. Si wekundu mkali kama ule wa kichupa cha pamba tupu ulichonifundisha kukiweka pembeni kwa kulinganisha. Ulikuwa hafifu, kama ndani ya pera. Lakini wekundu ni wekundu. Bwana aliangalia, akavuta karatasi ili aandike kwamba yamechanganywa. Angeandika vile, Mama Asha asingeuza tena hospitalini, na sokoni jina lake lingekuwa limekwisha.

Yeye alikuwa barazani anasikia kila kitu. Akaanza:

"We Riziki! Mutoto wa dada ya Yakobo! Mi nilikubeba mugongoni ukiwa na surua, leo unaniita mwizi?"

Nilitoka nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba si mimi ninayesema, ni rangi.

"Rangi! Rangi iko na mudomo? Karanga nilitwanga mwenyewe, kwa kinu changu mupya, bamama bote ba Swima bananiona. Kinu nilikinywesha vizuri namna mama yangu alinifundisha, na leo unaniletea rangi!"

Neno hilo la kunywesha lilinisimamisha. Hata nyumbani kwetu kinu kipya hakitwangiwi chakula hivihivi. Mti mkavu unakunywa, kwa hiyo unatwangiwa kwanza mbegu zenye mafuta ambazo huzionei huruma, siku kadhaa, mpaka ushibe na uache kupasuka. Nikamuuliza, "Mama, ulikinywesha nini?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. "Pamba, basi! Nani anapoteza karanga kwa mti?"

Pale nilikusikia wewe. Uliniambia siku ile tulipopima mafuta ya mtu wa Kazimia: "Rangi inakuambia pamba iko. Haikuambii ilipita mulango gani." Kama ule mti ulishiba pamba, ukitwangiwa karanga unairudisha kidogo kidogo. Na kipimo chetu kinaona hata kidogo.

Lakini kufikiri ni jambo moja, na kumwambia Bwana ni jambo jingine. Wewe unanijua. Nilisimama mlangoni nikishika kitasa. Bwana alikuwa ameshachovya kalamu. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Bwana, naomba usiandike bado."

Aliweka kalamu chini. Nilimweleza habari ya kinu, nikachanganya Kifaransa na Kiswahili. Hakunikatiza. Mwishoni akasema, "Sikujua desturi hiyo. Tutajuaje kama ni kweli?" Hakunidharau, Mjomba. Aliuliza kweli, kama alivyokuwa anakuuliza wewe.

Kesho yake nilikwenda Swima na Mama Asha. Njia nzima hakunisemesha, ila mara moja aliposema ninatembea kama bata mgonjwa. Tulichukua karanga za gunia lilelile. Sehemu moja alitwanga kwenye kinu chake kipya, nyingine kwenye kinu cha dada yake, cha zamani, ambacho hakijawahi kuona pamba. Nilikaa pale nikaangalia mpaka mafuta yakaelea juu ya maji ya moto, yakachotwa, yakaingia kwenye chupa zangu. Wanawake walijaa. Mmoja akaniuliza kama nimetumwa kujifunza upishi kabla ya kuolewa.

Bwana mwenyewe aliketi karibu tulipochemsha. Mafuta ya kinu cha zamani yalibaki manjano mpaka mwisho. Ya kinu kipya yakaanza polepole kuwa na ule wekundu wa pera. Karanga zilezile, mikono ileile. Tukafanya na kile kipimo chako cha kupoza, cha kuyavunja mafuta kwa potasi na alkoholi, kisha asidi, na kungoja yaingie ukungu yanapopoa. Yote mawili yaliingia ukungu mapema, kama karanga inavyofanya, karibu kwa joto lilelile; yangechanganywa pamba nyingi, ukungu ungechelewa.

Bwana akaandika: karanga halisi. Chini yake akaandika kwamba wekundu ulitoka kwenye chombo. Akanisomea, kisha akaniambia nitie jina langu kando ya lake. Nililitia, Mjomba. Linasomeka vizuri.

Mama Asha alipoambiwa, alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka nje. "Kinu ndiyo mwongo, si mimi!" Akanivuta kichwa kifuani mwake, nikiwa ndani ya koti lako. Akasema, "Yakobo alikuachia kichwa yake." Mimi niliyeona aibu kila nikitajwa, siku ile nilimwacha anitaje.

Ninajivunia wewe. Nilitaka kukuambia hivyo ukiwa hai, nikawa natikisa kichwa tu.

Sasa Bwana ameamua kwamba kila anayeleta mafuta aulizwe kwanza ametumia kinu gani, sufuria gani, na kabla yake vilibeba nini. Kazi hiyo ya kuuliza amenipa mimi. Kuongea na wageni kila asubuhi, fikiria! Lakini nakuahidi nitamuuliza kila mmoja nikimtazama usoni, na sitaacha jina la mtu lichafuke kwa sababu mimi niliogopa kufungua mdomo.

Pumzika, Mjomba. Mungu akuweke pazuri.

Mtoto wa dada yako,
Riziki